Jibu: Halmashauri itusaidieje kupunguza hewa ukaa kijijini?

Habari ndugu. Umesema mkutano wenu huko Urambo uliishia kwenye kugawiwa miche tu, na sasa hamjui muiombe nini halmashauri.

Anzeni na mabani ya tumbaku, yaani majengo ya kukaushia majani yake. Nalima tumbaku huku huku Tabora, na kuni za kukaushia zinaumaliza msitu wa miombo mbele ya macho yetu. Mwombeni afisa ugani awasaidie kujenga bani lenye tanuru linalobana moto. Langu la zamani lilikuwa linavuja moshi kila upande, yaani kuni nusu zilipotea bure.

Pili, msitu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inawaruhusu kuutenga, ila sheria ndogo za kuusimamia lazima zipite baraza la madiwani. Kabla hamjazipeleka, kagueni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Wetu ulirudishwa kwa kukosa orodha ya mahudhurio, tukapoteza msimu mzima huku magogo yanaondoka. Iliniuma sana.

Akina mama wanaotaka kutengeneza majiko banifu waombe mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, hauna riba. Miche nayo ipandeni karibu na mabani, iwe kuni zenu za baadaye.