Tulikaa barazani kila mtu aseme anachoamini, zamu yangu ilipofika nikakwama

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Nina jambo linaninyima usingizi tangu Ramadhan. Usiku mmoja baada ya tarawehe tulikaa barazani kama tulivozoea, kahawa na kashata, tulikua sita na wawili kati yetu ni Wakristo tuliosoma nao sekondari walikuja kufuturu na sisi. Ikaanza kama mzaha tu, mmoja akasema hebu leo kila mtu aseme yeye mwenyewe anaamini nini na kwanini, sio alichofundishwa. Wale Wakristo wakasema vyao, mmoja alieleza vizuri mpaka baraza ikanyamaza. Ikafika zamu ya mtoto wa ami yangu ambae yuko chuo kikuu Nairobi, akageuka akatizama mlangoni asije akawa mamake yuko karibu, halafu akasema "mimi siamini tena, nafunga tu mama asilie." Tukabaki kutizamana. Zamu yangu ikaja, nikaulizwa we unaamini kwanini, wallahi sheikh nikakwama, nikasema nimezaliwa nayo. Yeye akacheka kidogo.

Sasa mwenzetu mmoja anataka kwenda kumwambia ami, anasema tukinyamaza tunashiriki ukafiri wake na kikao chenyewe kilikua haramu tangu mwanzo. Ni kweli? Na huyu ashakua murtadi, mtu alietoka kwenye dini, nile nae, nimpe salamu? Na huko kukwama kwangu ni dalili ya nini?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Lile ulilolitia mwisho haraka haraka ndo swali lako, hayo mengine ya ami na ya murtadi ni ya yule mwenzenu, wewe umeyabeba tu. Lakini tuanze na yake tumalizane nayo.

Kikao. Mwenzenu huenda amesikia aya ya 140 ya Suratun Nisaa, kwamba mkisikia aya za Allah zinakanushwa na kufanyiwa stihizai msikae pamoja nao mpaka waingie kwenye mazungumzo mengine. Aya ni ya haki, ila aisome yote. Imetajwa stihizai, watu kukaa kuichezea dini, na hata hapo hukuambiwa uwakate milele, umeambiwa mpaka wabadilishe maneno. Barazani kwenu nani alicheza na aya? Watu waliulizana wakajibizana kwa adabu, na mwenye kusema haamini alisema kwa sauti ya chini na hofu ya mamake. Mtume (s.a.w.) aliwahi kukaa na Utba bin Rabia, mkubwa katika wakubwa wa Makka, amekuja kumshawishi aiwache dini kabisa, amletee mali, amletee ufalme, na Mtume akamwacha aseme mpaka mwisho hakumkata neno. Alipomaliza akamuuliza, umemaliza ewe Abul Walid? Amemwita kwa kun-ya yake, jina la heshima. Ndipo akamwambia bas sasa nisikilize mimi, akamsomea Suratu Fussilat. Sisi siku hizi mtu hajamaliza sentensi tushampa hukmu.

Haya, kumwambia ami. Hapa nitakaa kidogo manake nimeona majumba yamevunjika kwa jambo hili. Iko hadithi kwa Abu Daud na Tirmidhi, Mtume amesema mtu akizungumza maneno kisha akageuka, basi maneno hayo ni amana. Wanavyuoni wanaeleza kwamba kule kugeuka ni kuangalia nani anasikia, kwaiyo ni kama amesema kwa ulimi wake "hili ni baina yetu." Wewe mwenyewe umeniandikia, bila ya kujua umeandika nini, kwamba yule kijana aligeuka akatizama mlangoni. Umeshatoa ushahidi, mwanangu. Hiyo ni amana imewekwa kwenye shingo za watu watano, na wale rafiki zenu wawili Wakristo wamo, na ningeshangaa wakawa wao wameitunza kuliko nyinyi. Siri ambayo haifichwi ni ile ya kumdhuru mtu, mtu anapanga kuua, kuiba, kumvunjia mwanamke heshima. Hii inamdhuru nani ikikaa? Na ikitoka, nini kitatokea, ami atamfukuza, mama atalala kitandani, karo itakatwa, na kijana ataamini au atajifunza kudanganya vizuri zaidi? (Kuniuliza mimi bila kumtaja jina hakuna ubaya, usianze tena kukosa usingizi kwa hilo.)

Mwenzenu mwambieni kunyamaza kwa kusitiri hakuitwi kushiriki. Anaeshiriki ni anaeridhia, na nyinyi hamkuridhia, mlibaki kutizamana.

Na la murtadi, baraza si mahkama. Usama bin Zayd alimuua mtu vitani baada ya kutamka la ilaha illallah, akasema alisema kwa kuogopa silaha, Mtume akamuuliza, je uliupasua moyo wake ukajua? Huyo alikua swahaba, yuko vitani, kipenzi cha Mtume, na bado akaulizwa, sembuse kijana na kikombe cha kahawa mkononi. Wala wewe hujui kama yule kijana alikua anatangaza alichokata shauri au anatapika kilichomkaa kooni miezi. Mara nyingi mtu akisema "siamini tena" ukimpa muda utasikia nyuma yake kuna msiba, au swali aliulizwa darasani likamshinda, au kuna mtu wa dini alimtendea ubaya. Kwaiyo kula nae, mpe salamu, akiugua kamtizame. Asmaa binti Abubakar mamake alimjia hali ya kuwa ni mshirikina, akamuuliza Mtume nimuunge? Akaambiwa ndio, muunge mamako. Na Nabii Ibrahim katika Surat Maryam anazungumza na babake mwenye kuabudu masanamu, akamwita "ewe babangu" mara nne, aya nne zimefatana, ya abati, ya abati, ya abati, ya abati.

Halafu nchi hii tunayoishi, Katiba ya 2010 kifungu cha 32 kimempa kila mtu uhuru wa dhamiri na imani, lakini hata kisingekuwepo, La ikraha fid-din, hapana kulazimishana katika dini, tunaisoma tangu chuo cha Qur'ani. Sensa ya 2019 ilihesabu humu Kenya watu 755,750 waliosema hawana dini. Na hao ni waliothubutu kumwambia karani aliyesimama mlangoni na tableti yake, wa kwenu hakuthubutu hata mlango uwe wazi, kwaiyo kina yeye tuko nao majumbani na hatuwajui. Lakini nisikufiche, saumu yake bila nia mbele ya Allah si saumu, ni njaa. Ila mtu anaeshinda na njaa na kiu mwezi mzima mama asilie, mimi moyo huo siwezi kuuzika.

Sasa tuje kwako.

Ulisema "nimezaliwa nayo" na akacheka, na tangu hapo unajiona mnafiki. Masheikh wa zamani suala hili wamelizozania sana, wanaita imani ya mwenye kufuata bila dalili. Wako katika wanavyuoni wa ilmul kalaam, elimu ya kujadili itikadi kwa hoja, waliosema kila mtu ni wajibu atazame aijue dalili yake, na wengi wakasema imani yake ni sahihi hata asiweze kuieleza, na hili ndo ninalolishika, manake tukisema vyengine tumewatoa bibi zetu wote katika dini kwa siku moja. Imepokewa kwamba Al-Juwayni, mwalimu wa Imam Ghazali na bahari ya ilmul kalaam, mwisho wa umri wake alisema anakufa juu ya imani ya vizee vya Naisabur. Vizee! Baada ya vitabu vyote vile.

Lakini sitaki ulale hapo. Qur'ani imewalaumu watu wa Makka kwa jawabu kama lako hilo, "tumewakuta baba zetu juu ya njia na sisi twafuata nyayo zao," iko Suratuz Zukhruf. Neno ni hilohilo. Bibi yako akisema nimezaliwa nayo ana miaka sitini ya kuamka alfajiri nyuma ya neno lile, ukimsukuma kidogo atakueleza mwaka gani aliomba nini na akapewa vipi. Wewe nyuma yake kuna nini? Sikuulizi kwa kukuaibisha, nakuuliza manake kile kicheko hakikukuuma kwa ajili ya Uislamu, Uislamu hauumwi na kicheko cha barazani, kilikuuma kwa sababu uligundua hujawahi kujiuliza.

Na mimi yalinikuta. Nikiwa chuoni, kama miaka 14 hivi, nilimuuliza mwalimu, ikiwa yote yameandikwa mbona tunahesabiwa? Nilipata bakora tatu na neno "umeingiliwa na shetani." Nikanyamaza. Nilinyamaza miaka saba, nikiswalisha watu, nikisomesha watoto wa watu, na swali liko palepale kama mwiba kwenye nyama. Lililonitoa si jawabu la qadar, la hayo yaliyoandikwa, jawabu nililipata baadae. Lililonitoa ni siku niliposoma katika Sahih Muslim kwamba maswahaba walikwenda kwa Mtume wakamwambia, sisi tunapata ndani ya nafsi zetu mambo ambayo mmoja wetu anaona ni makubwa mno kuyatamka. Akawauliza, hivi mmeyapata? Wakasema ndio. Akasema, hiyo ndo imani bayana. Yaani kule kuchukizwa nayo kukakutisha kuyasema. Nililia siku ile, nikasema kumbe miaka saba nilikua naadhibiwa na bakora si na dini.

Ghazali mwenyewe ameeleza alikaa karibu miezi miwili ndani ya shaka kamili, hata macho yake hakuyaamini, na hakutoka kwa kupanga dalili bali kwa nuru Allah aliyoitia kifuani mwake. Baadae akiwa Baghdad, mwaka 1095, anasomesha wanafunzi mia tatu, ulimi wake ulifungika akashindwa kutamka neno darasani, chakula hakipiti. Akaiwacha kazi akaondoka. Sasa wewe umekwama usiku mmoja mbele ya watu watano.

Utafanya nini? Usikimbilie kukariri hoja ukamrudie mwenzio kumshinda. Kile kisa cha Imam Abu Hanifa na jahazi lililojiunda lenyewe, kwamba ikiwa jahazi haliwezi basi ulimwengu vipi, ameshakisikia tangu chuoni, ukimtupia atakitupa nje. Kaa na Suratut Tur, aya 35, "je wameumbwa pasi na kitu, au wao ndo waumbaji?" Jubayr bin Mut-im aliisikia akiwa bado mshirikina, alikuja Madina kwa ajili ya mateka wa vita vya Badr, Mtume anaswalisha magharibi, na mwenyewe anasema ilipofika aya hii moyo wake ulikaribia kuruka. Hakujadiliwa na mtu, alisikia tu. Isome usiku pekeyako, kwa tafsiri unayoifahamu, na ujiulize kama unaulizwa wewe, kisha andika mahali, kwa lugha yako ya barazani, kwanini unaswali. Ikiwa mstari mmoja, mstari mmoja. Ukikosa kabisa niambie pia.

Na mtoto wa ami yako kabla hajarudi Nairobi mtafute pekeyake, hata mkatembee Mama Ngina pale ufuoni Mombasa mle mihogo, umwambie ukweli kwamba lile jawabu lako halikukutosha hata wewe. Usimuulize utarudi lini. Muulize ilianza lini, halafu unyamaze, mihogo ipoe. Mimi baina ya magharibi na isha niko msikitini siku zote isipokua Jumatano, akitaka kuja aje, hataulizwa shahada mlangoni. Asipotaka njoo wewe.

Wallahu a'lam.