Hawashikani, watazamaji wataamini vipi kama wanapendana?

SWALI: Assalaam alaykum dada. Sie ni kikundi cha vijana hapa Chake Chake, tunapiga filamu fupi kwa simu, hadithi ya mtu na mchumba wake anaehamia Unguja. Tatizo wahusika wetu hawana kemistri kabisa, kila mmoja peke yake anaigiza vizuri lakini wakiwekwa pamoja utadhani abiria wanangoja boti. Na kushikana hatutaki, wazee wao hawatoridhia na sie wenyewe hatupendi. Tuwabadilishe?
Msomaji, Chake Chake

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Msiwabadilishe kwanza. Na hilo la kushikana wala lisiwape tabu, itafuteni filamu ya In the Mood for Love ya mwongozaji Wong Kar-wai, ya mwaka 2000, waigizaji wake Tony Leung na Maggie Cheung hawabusiani hata mara moja mle, mara nyingi wanapishana kwenye ngazi nyembamba tu, na bado moyo unakwenda mbio kwa sababu unamuona kila mmoja anavyojizuia.

Nnavyoona mie hao wenu hawasikilizani. Kila mtu kahifadhi maneno yake, anangoja mwenzake amalize nae aseme yake basi. Kuna zoezi la Sanford Meisner, alikuwa mwalimu wa uigizaji New York, wakalisheni uso kwa uso, mmoja aseme kitu anachokiona kwa mwenzake, "umevaa kofia mpya", mwenzake ajibu "nimevaa kofia mpya", warudie hivyo hivyo bila kulazimisha hisia yoyote mpaka sauti zianze kubadilika zenyewe, maana mmoja akitabasamu au akikereka mwenzake lazima ataliona na jibu litatoka vyengine. Mwanzo watacheka, waacheni wacheke. Fanyeni barazani mbele ya wenzenu wote, hakuna haja ya kuwafungia chumbani.

Halafu kamera. Mkimpiga bibie kloz-apu, yaani uso wake tu kwa karibu, yule kijana asende kunywa chai! Akae pembeni ya simu, karibu kabisa na lenzi, ampe maneno yake kwa moyo ule ule kama yeye ndie anaepigwa. Hili watu wengi wanalidharau na linaniuma, kwa sababu macho ya mtu anaezungumza na ukuta yanajulikana tu. Na angalau sini moja wakae wote wawili kwenye fremu bila ya kukata.

Kwenye kuedit msikate neno likimalizika tu, bakisheni sekunde mbili tatu za ule uso baada ya maneno, mapenzi mengi yapo hapo.

Siku nyengine kabla hamjachagua wahusika wasomesheni skripti wawili wawili, mbadilishe badilishe, muone nani na nani wanaitikiana. Kwa sasa fanyeni hayo, na ikishindikana kabisa basi mbadilishe yule asiesikiliza, hata kama ndie mwenye sauti nzuri na ndie anaejua maneno kuliko wote.