Uzamili wa usimamizi wa data: majibu kwa maswali yenu

Shikamoo. Natunza takwimu kwenye kituo cha afya, Tabora, na nina shahada ya kwanza. Mwaka wa tatu huu nahamisha namba kutoka rejesta za MTUHA, yaani madaftari ya taarifa za huduma za afya, kwenda DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Nikisoma uzamili nitatoka hapo?

Marahaba, mdogo wangu. Unaweza kutoka, ila usiidharau kazi hiyo, ndiyo mtaji wako. Chukua fomu ya mwezi ambayo kisanduku cha malaria kwa watoto chini ya miaka 5 kimeachwa wazi. Hakuna mtoto aliyeugua? Rejesta haikujazwa? Au vipimo viliisha na watoto wakatibiwa bila kupimwa? Anayepokea jumla ya mkoa hawezi kujua. Akilihesabu pengo kuwa sifuri, malaria itaonekana imeshuka, na dawa zitaletwa pungufu. Wewe unajua, kwa sababu ulisimama mlangoni ukamuuliza muuguzi.

Uzamili unakufundisha kuligeuza swali lako kuwa utaratibu: mfumo utofautishe pengo na sifuri, ijulikane nani anahakiki nini na lini, na mgonjwa aliyeandikwa Mwanahamisi huku na Mwanaamisi kule atambulike kuwa mtu mmoja. Hizo ni kazi za afisa ubora wa data au meneja wa data wa utafiti. Mwenye uzamili ambaye hajawahi kushika rejesta, kwangu mimi, hakufikii.

Nilisomea ualimu wa Kiswahili. Hesabu zinanitisha. Nisahau?

Usisahau. Takwimu za msingi hutazikwepa, wala SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali. Lakini sehemu kubwa ni kupanga, kukiita kitu kimoja kwa jina moja kila mahali, na kuandika maelezo ambayo mgeni atayaelewa. Pakua PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ni bure, uingize mahudhurio ya darasa lako. Jipe miezi 2 kabla ya kulipa ada yoyote.

Nipo masjala ya halmashauri, nakaribia miaka 45. Sijachelewa?

Hujachelewa, na ninyi watu wa masjala ndio natamani sana msome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taasisi inayokusanya taarifa za watu inapaswa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iwe na afisa ulinzi wa taarifa binafsi, na isikae na taarifa hizo kupita mahitaji yake. Sasa nani ofisini kwenu anajua jalada linatunzwa miaka mingapi, nani ana ruhusa ya kulifungua, na linateketezwa lini? Ni wewe! Ulichobakiza ni kujifunza kuyafanya hayo ndani ya kompyuta, na uzamili utakupa sauti kwenye kikao ambacho leo wanaitwa watu wa TEHAMA peke yao.

Nimepata nafasi chuo cha nje, masomo ni ya mtandaoni. Nikubali?

Kwanza waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama shahada hiyo itatambuliwa hapa nchini, na uwaulize kabla hujatuma hata shilingi. Kisha kiulize chuo: tasnifu nitaifanya kwa data za nani? Wakikuruhusu kutumia za ofisini kwako, na mwajiri akatoa kibali, jiandikishe.