Kopi sitini za barafu

Nimeandika vipeperushi vya mafundisho kwa kanisa letu hapa Busia, upande wa Uganda, kwa miaka kadhaa sasa. Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye Utatu, yaani Mungu mmoja: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Nikitaka kurahisisha, niliandika: maji, barafu, mvuke, kitu ni kimoja, sura ni tatu. Nikatoa kopi sitini.

Nikamsomea mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Alisikiliza huku akipepeta ungo wake, kisha akauliza: "Sasa mwalimu, Yesu alipoomba kule Gethsemane, barafu ilikuwa inaongea na maji gani?"

Nilikosa jibu. Mfano wangu ulikuwa fundisho la Sabellius, mwalimu mmoja wa zamani, kwamba Mungu ni mmoja anayebadili sura tu, nalo kanisa lililikataa tangu karne ya 3. Nilidhani narahisisha, kumbe napotosha.

Kwa hiyo, kabla ya kutunga mfano, tafuta tukio ndani ya Biblia yenyewe. Niliandika upya nikianzia Mathayo 3: Mwana anatoka majini, Roho anashuka kama hua, Baba ananena kutoka mbinguni, yote kwa mara moja.

Ila maneno mazito usiyatupe. "Kuhesabiwa haki", yaani Mungu kumhesabu mtu kuwa mwenye haki kwa imani, limo kwenye Biblia wanazobeba. Ukiliruka, watalikuta kwenye Warumi, barua ya mtume Paulo, na wewe hupo. Lifungue. Sokoni, haki ni kile ninachodai: haki yangu, nipe! Ukisoma Warumi 5 na maana hiyo kichwani, utadhani Mungu anatulipa tunachostahili, kinyume kabisa cha Paulo. Mimi huanza na kuhesabu, neno la daftari la duka. Abrahamu aliamini, na kwenye ukurasa wake ikaandikwa haki ambayo hakuifanyia kazi. Paulo mwenyewe, Warumi 4, anataja ujira na deni, kwa hiyo daftari si la kwangu.

Sentensi ziwe fupi. Kwa wengi wetu huku Kiswahili ni lugha ya tatu, baada ya Kisamia na Kiganda, na ufasaha wa Pwani unatupita juu kwa juu.

Halafu usimuulize mtu, "Umeelewa?" Kwa heshima atakujibu ndiyo. Mwombe amsimulie jirani yake, wewe ukae kimya usikilize.

Zile kopi sitini nilimpa yule mama. Anafungia mukene.