Masika kwenye uwanja wa gofu: radi, madimbwi na mashimo ya mchanga

Anayepanga shindano la gofu Dar es Salaam, Arusha au Moshi kati ya Machi na Mei aandike ratiba kwa penseli. Mvua yenyewe gofu huivumilia. Kinachosimamisha mchezo ni radi, au maji yaliyolizunguka shimo kwenye grini, yaani sehemu ya nyasi fupi sana yenye shimo la bendera.

Radi haina mjadala. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Hesabu isipofika 30, radi iko ndani ya kilometa 10, kwa hiyo honi ilie. Mlio mmoja mrefu maana yake acha papo hapo, hata kama ulikuwa umeshakaa sawa kupiga. Mlio wa mara tatu mfululizo ni kusimama kwa kawaida: kundi lililokwisha kuanza kucheza shimo linaweza kulimaliza. Milio miwili mifupi inawarudisha watu uwanjani, na isipigwe kabla ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kujikinga ni ndani ya jengo la klabu au gari lenye bati juu. Mti ni kosa kubwa, na kile kigari cha wazi cha kubebea mikoba hakikingi kitu. Mwavuli ufungwe, fimbo ziachwe.

Hapa wengi hukosea: mchezaji anayeona hatari ya radi anaruhusiwa kuondoka bila kungoja honi. Anayekimbia mvua tu, bila amri ya kamati ya shindano, kwenye shindano la kuhesabu mikwaju anaondolewa.

Madimbwi ndiyo huzaa ugomvi. Kanuni inatambua maji ya muda pale yanapoonekana juu ya ardhi kabla au baada ya wewe kusimama kawaida. Kukanyaga kwa nguvu ili maji yatoke pembeni mwa kiatu hakukupi haki yoyote, wala tope au ardhi laini peke yake. Yakiwa ni maji kweli, tafuta sehemu iliyo karibu zaidi ambapo mpira, miguu na njia ya fimbo yako viko nje ya maji, bila kulikaribia shimo zaidi. Pima kutoka hapo urefu wa fimbo yako ndefu zaidi (pata, ile fimbo ya kusukumia mpira kwenye grini, isihesabiwe), kisha dondosha mpira ndani ya eneo hilo kutoka usawa wa goti. Hakuna adhabu. Sehemu hiyo ikiangukia kwenye majani marefu, pole. Kanuni inakuondoa majini, haikuahidi pazuri.

Ndani ya shimo la mchanga lililojaa maji, unahama bure ukibaki mlemle. Ukitaka kutoka nje unalipa mkwaju mmoja, na mpira unarudi nyuma kwenye mstari unaotoka kwenye shimo la bendera kupitia ulipokuwa. Mpira uliozama kwenye tundu ulilojichimbia wenyewe, nje ya mchanga na nje ya maeneo ya adhabu (kama mito na mabwawa), unadondoshwa bure ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka nyuma yake tu. Kamati ikitangaza ruhusa ya kuinua mpira, kuusafisha na kuuweka tena, iseme pia umbali wa kuuweka na iseme ni kwenye majani yaliyokatwa mafupi pekee. Isiposema, makundi manne yatacheza michezo minne.

Kwenye grini, usifute maji kwa taulo kwenye njia ya mpira wako. Hiyo ni adhabu ya mikwaju miwili. Kazi hiyo ni ya wafanyakazi wa uwanja, na ina namna yake: raba ya kusukumia maji ianzie kando ya shimo, iende upande wa chini hadi kuvuka kabisa ukingo wa grini. Wanaoishia ukingoni hutengeneza kidimbwi kipya pale pale mguu wa mchezaji anayefuata unapotua. Maji ya ndani ya kikombe cha shimo hunyonywa kwa sponji. Yakirudi kulizunguka shimo kila baada ya kundi moja, kamati isimamishe mchezo. Kuhamisha shimo katikati ya shindano la mikwaju ni kuwadhulumu waliokwisha pita.

Mvua ikikatika, kila mtu anataka kuwasha mashine ya kukatia nyasi. Ngoja. Kanyaga, inua mguu, tazama: maji yakijitokeza kwenye alama ya soli, mashine itachimba mistari itakayoonekana msimu mzima. Ardhi ya mchanga ya pwani hukauka mapema. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaweza kukufungia siku nzima au zaidi. Siku ya kwanza ya kukata, pandisha visu milimita moja au mbili, na mbolea ya naitrojeni ikae stoo, maana majani mororo kwenye unyevu ndiyo chakula cha ukungu. Madimbwi yaondoke kabla ya jua la saa sita. Maji ya kina kifupi yakipata joto huunguza nyasi zilizo chini yake.

Mashimo ya mchanga ndiyo yanayokula muda, na hapa haraka hulipwa kwa gharama. Pampu ikishavuta maji utaona juu ya mchanga ngozi nyembamba ya tope, laini kama uji uliopoa. Hilo ni vumbi la udongo lililosombwa kutoka kwenye kuta. Mtu akichukua koleo na kurudisha mchanga ukutani bila kuliondoa, analichanganya ndani, na mvua ya tatu au ya nne maji hayapenyi tena. Halafu lawama zinaangukia bomba la kutolea maji lililo chini ya mchanga. Kwaruza ngozi hiyo kwanza, ibebe kwa toroli hadi nje, ndipo mchanga upandishwe na kushindiliwa kwa mgongo wa koleo. Pima kwa kijiti: takriban sentimeta 10 chini, 5 ukutani.

Mchezaji atakayeufikia mchanga huo ukiwa bado mbichi asifungue sana uso wa fimbo, yaani asiulaze nyuma. Mchanga mgumu huidundisha fimbo, na ukingo wake unaupiga mpira katikati badala ya chini, nao unavuka grini.