Kwa anayeanza ufinyanzi: niliyojifunza kwa Hamada Shoji na udongo wa Mashiko

Vijana wanaoanza kufinyanga huniuliza kwanza wanunue udongo gani na waagize rangi zipi za kung'arisha vyombo tanurini. Nami nilianza hivyohivyo. Nilipopata nafasi ya kujifunza kwa miezi sita katika karakana moja ya Mashiko, mji mdogo wa mkoa wa Tochigi ulio kama kilomita 100 kaskazini mwa Tokyo, nilifika na daftari lililojaa kanuni za rangi, na kwa wiki tatu za mwanzo sikulifungua hata mara moja, kwa sababu kazi niliyopewa ilikuwa kukanda udongo tu.

Ushauri wangu leo ni huu: kabla ya kuagiza chochote, uzoee udongo wa mahali ulipo mpaka uujue tabia zake. Aliyenishawishi ni mfinyanzi wa Kijapani Hamada Shoji, ambaye alifariki mwaka 1978 lakini kazi zake zimejaa mjini humo. Mzaliwa huyu wa Kawasaki, mwaka 1894, hakukosa elimu. Alisomea ufinyanzi katika chuo cha ufundi cha Tokyo, kisha yeye na rafiki yake Kawai Kanjiro wakafanya kazi katika taasisi ya utafiti ya Kyoto, ambako walijaribu maelfu ya michanganyiko ya rangi. Mwaka 1920 alifuatana na mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach hadi St Ives, Uingereza, wakaanzisha karakana na kujenga tanuri la mtindo wa Kijapani ambalo vyumba vyake hupanda kufuata mteremko. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa popote. Aliporejea mwaka 1924 alichagua Mashiko, ambako wafinyanzi walikuwa wakitengeneza mitungi, mabakuli na mabuli ya chai kwa ajili ya majiko ya Tokyo.

Udongo wa Mashiko ni mkavu, una mchanga na chuma, nao haukubali kuvutwa ukawa mwembamba. Mabakuli yangu ya kwanza yalipasuka karibu yote, ufa ukiwa katikati ya kitako. Nikamwambia mwalimu wangu kwamba udongo ulikuwa mbaya. Hakunijibu. Alichukua bakuli bichi nililolitoa gurudumuni muda huohuo, akalikata katikati kwa uzi, akaniwekea nusu mbili mbele yangu: kuta zilikuwa zimebanwa vizuri, lakini kitako kilikuwa kimeachwa kilegevu, kwa kuwa sikuwa nimekikandamiza kwa vidole kabla ya kuanza kuvuta kuta. Tangu siku hiyo hukandamiza kitako mara tatu, kutoka ukingoni kuelekea katikati, nami nakuomba ufanye vivyo hivyo hata udongo wako ukiwa laini kama unga.

Hamada alitumia rangi chache zilizopatikana karibu: ile ya kahawia yenye wekundu wa tunda la kaki, iliyotokana na jiwe la hapohapo lililosagwa, nyeupe ya majivu ya pumba za mpunga, na nyeusi. Kwa hizo chache alifanya kazi zaidi ya miaka 50. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja alimwona akimimina rangi kwa upawa juu ya sinia kubwa, akashangaa kwamba pambo zima lilichukua sekunde 15 tu, na Hamada akamjibu kwamba ni sekunde 15 pamoja na miaka 60. Mkono wa aina hiyo haununuliwi. Mimi nilijizoeza kwa maji tupu, nikimimina kwa upawa juu ya ubao mkavu na kutazama alama kabla haijakauka, na sioni zoezi jingine la bei nafuu kuliko hilo.

Jambo la kutia jina ni gumu zaidi kulieleza. Hamada, Kawai na mwanafalsafa Yanagi Soetsu ndio waliolipa jina la mingei lile wazo kwamba uzuri umo katika vyombo vya kila siku vilivyofanywa na mafundi wasiojulikana, naye Hamada baada ya kurudi kutoka Uingereza hakutia tena alama yake kwenye vyombo. Sikushauri uache kutia jina, kwa maana unahitaji kuuza na mteja anahitaji kukupata. Lakini chombo chako cha kwanza kizuri kisihukumiwe kwa jina. Kipe familia yako kitumike mwezi mzima jikoni, kisha uulize kama kinashikika vizuri kikiwa na uji wa moto.

Kwa hiyo wiki hii chimba ndoo moja ya udongo karibu na kwako, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Uanike, uuloweke, uuchuje, uuache ugande kiasi, kisha tengeneza vipande vitano bapa na uchore kwenye kila kimoja mstari wa sentimita 10. Viweke tanurini juu ya sahani ya zamani, maana udongo mwingine huyeyuka, na vikitoka pima ile mistari uandike umepungua kiasi gani.