Kikohozi kinachobaki baada ya fangasi wa mapafu: linganisheni picha kabla ya kurudia dawa

Dada wa Sengerema ameuliza kama amrudishie mwanawe dawa ya fangasi, kwa kuwa dozi iliisha miezi 4 iliyopita na mtoto bado anakohoa usiku. Mimi si daktari, ila swali hilo lilininyima usingizi hapa Mwanza wakati binti yangu alipokuwa na miaka 8.

Fangasi wake walikuwa histoplasma, ambao huota kwenye udongo uliochanganyika na kinyesi cha popo au ndege. Alikuwa amemsaidia babu yake kufagia stoo yenye popo darini, akavuta vumbi lile. Ugonjwa huu mtu hamwambukizi mwenzake, lakini kwenye picha ya kifua unafanana mno na kifua kikuu, ndiyo maana tulipitia kwanza vipimo vya TB. Alitumia itrakonazoli, dawa ya fangasi, kwa wiki 12, kapsuli baada ya chakula, maana tumboni patupu hainyonywi vizuri. Homa ikaisha na uzito ukarudi, ila kikohozi kikabaki: kikavu, cha kubana, kikizidi akilala chali.

Muuzaji wa duka la dawa alikuwa tayari kuniuzia dozi nyingine bila cheti. Bei ndiyo iliyonizuia, si busara yangu. Kliniki, daktari wa watoto aliuliza kwanza ilipo picha ya zamani, ambayo mke wangu alikuwa ameihifadhi ndani ya bahasha chini ya godoro. Akaiweka pamoja na picha mpya kwenye kisanduku cha taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu kwamba madoa ya mapafuni yalikuwa yamefutika, bali matezi yaliyo kando ya njia kuu ya hewa yalikuwa bado yamevimba na kuibana. Kilichokuwa kikimkohoza ni uvimbe uliobaki, wala si fangasi waliorudi. Alieleza kwamba matezi hayo husinyaa polepole, kwa miezi, na mengine huacha kovu gumu kama chokaa linaloonekana kwenye picha hata ukubwani.

Alimpima pumu pia, kwa kuwa kikohozi cha usiku huweza kuwa dalili ya pumu, lakini hakuikuta. Hakuandika dawa, alitaka tumrudishe baada ya wiki 6 na tumwepushe na moshi. Hili la moshi lilikuwa gumu kuliko yote, maana bibi yake hukausha sangara kwa kuni nyuma ya nyumba, na mtoto haondoki miguuni pake. Kikohozi kilikwisha mwezi wa 5 tangu siku ile.

Kwa hiyo, dada, mpeleke na picha ya zamani. Kama huna, iombe hospitali ilikopigwa. Usingoje miadi akitema damu, homa ikirudi, akikonda, au mbavu zikizama anapovuta pumzi.